Upinde wa Mashoto

Sisi tuliokuwa tukipeleka mizigo nyumbani kutoka Guangzhou tulimwita Wakala, kana kwamba mji mzima ulikuwa na wakala mmoja. Mawakala walikuwa wengi. Kila jengo lenye wafanyabiashara wa Kiafrika lilikuwa na wake, na kila mmoja aliapa kwamba kontena lake ndilo hufika kwanza. Lakini mtu akisema "nimempa Wakala", hakuna aliyeuliza yupi. Alikuwa mwanamke wa Unguja, mpana wa mabega, mwenye baibui jeusi na raba nyeupe za michezo, na sauti asiyoipandisha. Hakuipandisha hata pale kontena lilipokwama bandarini Nansha siku chache kabla ya Ramadhani, na sisi wenye nguo za Idi ndani yake tukajaa ofisini kwake tukisema sote kwa pamoja. Alitusikiliza mpaka tukachoka wenyewe, kisha akatuambia kontena litatoka. Likatoka.

Wachina walimwita laobanniang, yaani mama bosi. Wakongo walimwita Maman. Mimi nilimwita Mama tu, kwa kuwa umri wake na wa mama yangu ulikaribiana, na kwa kuwa tulikaa mlango kwa mlango miaka yote niliyokuwa nikinunua vitambaa vya mapazia kule soko la Zhongda. Nyumbani Dar watu wanamkumbuka kwa makontena yake, na hiyo ni haki yake. Ila mimi nikimkumbuka namwona amesimama kwenye ukumbi mrefu wa ghorofa ya tano, juu ya maduka ya taa, ameipa shabaha ubavu, mkono wa kulia umenyooka na upinde, wa kushoto umerudi nyuma mpaka pembeni ya mdomo, na watu waliokuwa wakipiga soga nyuma yake wamenyamaza.

Upinde wenyewe ulikuwa wa zamani, wa kuwindia, na haukuwa wa dukani. Fundi mmoja wa ng'ambo aliutengeneza kwa mkono, miaka mingi kabla Wakala hajauona, kwa ajili ya mtu mmoja aliyepimwa urefu wa mkono na upana wa kiganja, kama tunavyopimwa sisi tukishonesha gauni. Mshikio ulikuwa wa mti mwekundu wenye michirizi myeusi, mzito, umesuguliwa mpaka unateleza. Juu na chini ya mshikio ndipo zilipotoka zile sehemu mbili zinazopinda, ambazo Wakala aliziita mabawa: mbao nyembamba zimegandishwa tabaka juu ya tabaka na kufunikwa faiba inayong'aa. Ncha za mabawa zilijikunja kuelekea mbele, kumpa mpigaji mgongo, na kwenye mkunjo huo ndiko nguvu ya pinde za aina ile inakotoka. Haukuwa na darubini wala kidude chochote cha kulengea. Ulikuwa wewe, jicho lako na vidole vyako.

Na ulikuwa wa mashoto. Mtu wa mkono wa kulia huushika upinde kwa kushoto na kuvuta kwa kulia. Huu ulikuwa kinyume: mshikio ulichongwa uingie kwenye kiganja cha kulia, na pahali pa kulazia mshale palikuwa upande wa kulia. Ukiushika kwa mkono usio wake unakukataa. Mimi niliujaribu, sikuweza hata kuuweka mshale ukatulia.

Aliupata soko la vitu vikuukuu, siku aliyokwenda kumtafutia mteja majiko ya hoteli. Muuzaji alikuwa na lundo la nyuzi za kuvulia na fimbo za gofu, na upinde ulikuwa chini ya lundo, hauna hata ugwe, ile kamba ya kuvutia. Akajaribu kumwonyesha namna ya kuushika, ukawa unamgeuka. Mwisho akasema una kasoro, ulitengenezwa vibaya, auchukue tu. Wakala hakuwahi kugusa upinde maishani mwake. Aliuokota ili auweke kando apate kufikia majiko, na aliuokota kwa mkono wa kulia.

Hadithi hiyo alinisimulia mara nyingi. Kila alivyoirudia yule muuzaji alizidi kuwa mjinga, lakini kipande kimoja hakikubadilika.

"Mwanangu," alikuwa akisema, "mie kila kitu duniani kilikuwa kikinambia nimekaa upande sio. Mkasi, mbuzi ya kukunia nazi, dawati la skuli. Huu ndio uliokuwa wa kwanza kuniuliza, ulikuwa wapi siku zote?"

Kwa maana Wakala alikuwa mashoto aliyefunzwa kutokuwa. Alikula kwa mkono wa kulia, akasalimu kwa mkono wa kulia, akapokea na kutoa kwa mkono wa kulia, kama tulivyolelewa sote. Hata kuandika aliandika kwa kulia, mwandiko wa kusikitisha, na makarani wake walikuwa wakiupiga picha na kutumiana ili wasaidiane kuusoma. Lakini ukimshtua, mkono wa kushoto ndio ulioruka. Gilasi ikiteleza mezani ilidakwa na kushoto. Kwenye viwanda, akibishana bei, alikuwa akiandika kwa kulia huku vidole vya kushoto vinakimbia juu ya kikokotoo bila yeye kukitazama, na wauzaji walisahau walichotaka kusema wakabaki wanaangalia mikono.

Klabu ya upinde aliitafuta mwenyewe. Mwenye klabu, ambaye sote tulimwita Laoban, yaani bosi, alikuwa mwanamume mwembamba, mpole, na alikuwa mkusanyaji. Ukuta mzima nyuma ya kaunta yake ulijaa pinde za zamani, kila mmoja umelazwa juu ya vigingi viwili na kumulikwa na taa yake ndogo. Siku Wakala alipoufungua mfuko na kuutoa upinde wake, Laoban aliondoka kwenye kaunta, akanawa mikono, ndipo akaomba kuushika. Aliusoma mwandiko wa wino uliokuwa kwenye bawa la chini: ratili arobaini na tano, ndio uzito wa kuuvuta, na jina la yule uliyetengenezewa. Akamwambia kwamba watu hutafuta kitu kama kile miaka wasikipate. Akamwambia pia kwamba kwa mtu anayeanza ni mzito mno, aanze na upinde mwepesi wa klabu. Wakala akamjibu kwa neno lake la siku zote, "Meiyou." Wachina hulitumia kusema kitu hakipo. Yeye alilitumia kusema mazungumzo yamekwisha.

Ilimchukua karibu mwaka kuuvuta sawasawa. Nyumbani alifunga mipira ya mazoezi kwenye kitasa cha mlango, na mimi upande wa pili wa ukuta nilikuwa nikisikia kitasa kinalia na yeye anasema bismillahi kila anapovuta. Siku alipofanikiwa kuufikisha ugwe kwenye pembe ya mdomo na kuushikilia bila kutetemeka, alinigongea mlango akanionyesha alama nyekundu ya ugwe kidevuni, kwa furaha, kama mtu anayeonyesha pete.

Alikuwa na kiburi, sitamsingizia unyenyekevu. Alijisifia upinde ule kwa kila mtu. Ofisini, mteja aliyekuja kuuliza meli inaondoka lini aliondoka akijua faiba ni nini. Picha yake ya simu haikuwa yeye wala wanawe wala Kaaba. Ilikuwa upinde. Siku moja mfanyabiashara mmoja wa Lubumbashi, mteja wake mkubwa wa pikipiki, aliuangalia ule mshikio mwekundu kwa muda, akapitisha kidole juu ya michirizi, akasema: "Maman, hii muti ni ya kwetu kabisa. Hii ni ya Congo."

Wakala akamwangalia. "Mti wenu," akamwambia, "mkono wangu."

Yule bwana akacheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo alikuwa akiwatambulisha wenzake kwake kwa kusema huyu ndiye Maman anayepiga mti wetu.

Hata kushindwa hakukumpunguzia kitu. Klabu ilikuwa na mashindano yake kila mwaka, na waliokuja walileta pinde za kisasa zenye vyuma vya kutuliza na vioo vya kulengea. Hakuwahi kushinda. Mara moja aliambulia nafasi ya tatu, na ule mwaka mzima alizungumza habari ya yule wa kwanza kwa huruma, kwamba maskini amefungwa vyuma vingi hivyo, ukimvua vyote sijui atabaki na nini. Wageni walipotaka kupiga naye picha, yeye na baibui lake, aliwakatalia, akawaelekeza waupige picha upinde.

Ni ajabu, kwa sababu vitu vyake vingine hakuvijali hata kidogo. Simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka toka siku niliyomfahamu. Maua tuliyomletea yalikufa kwenye ndoo alimokuwa ameyaweka. Funguo za nyumba alizisahau mara nyingi hadi akaniachia mimi za akiba. Lakini upinde haukuwahi kulala na ugwe wake, wala haukuwahi kuegemezwa ukutani, kwa kuwa ukiegemezwa mabawa hujipinda. Unapofika mwezi wa tatu na unyevu wa Guangzhou ukazidi mpaka kuta zinatoa jasho, sakafu zinateleza na nguo hazikauki wiki nzima, alikuwa akiulaza juu ya kitanda cha wageni, anawasha mashine ya kukausha hewa chumba hicho tu, na kuupaka nta kwa kitambaa laini cha pamba alichoniagiza Zhongda. Mgeni wake mmoja kutoka Unguja alilala sebuleni kwenye kochi mwezi mzima wa jasho, kwa sababu kitanda kilikuwa na mwenyewe.

Na upinde ule wa kuwindia haukuwahi kuwinda chochote. Huko hakuruhusiwi, na hata kungeruhusiwa asingeweza. Wakala hakuweza kutazama kuku akichinjwa. Idi ya kuchinja alikuwa akitoa fedha na kujifungia ndani mpaka aambiwe nyama imekuwa nyama. Mara moja Laoban aliwachukua wanachama kwenda nje ya mji, kwenye kilima chenye wanyama wa sponji waliopangwa msituni ili watu walenge. Mimi nilikwenda kwa matembezi. Tulipofika kwa paa wa sponji, Wakala alivuta, akashikilia, kisha akaurudisha ugwe polepole bila kuuachia. Nikamuuliza kuna nini. Akasema yule paa anamtazama. Mbele kidogo tulimkuta nguruwe mwitu, naye alimchoma mishale mitatu mfululizo, wa mwisho karibu ukate wa kwanza. "Huyu," akasema, "hatujawahi kuwa na usuhuba."

Sala ya alasiri ilimkuta mara nyingi ukumbini. Laoban alimtengea pembe moja nyuma ya kabati la mishale, na alipokuwa akisali Laoban alikuwa akiwaambia wanachama wengine wapunguze sauti. Baada ya hapo walikunywa chai, hao wawili, wakizungumza habari za gundi na mbao na nyuzi. Sidhani kama alikuwa na rafiki mwingine wa hivyo mji ule, mtu ambaye hakumtaka chochote kinachohusu meli. Kila baada ya muda Laoban alikuwa akimuuliza kama yuko tayari kumuuzia, na yeye alikuwa akijibu "bu mai", siuzi, na wote wawili wakacheka.

Halafu bega likaanza.

Mwanzoni alidhani amelalia vibaya. Baadaye akawa hawezi kufunga ushungi bila kukunja uso. Daktari alimwambia mshipa wa bega la kushoto umechanika kidogo, kwamba utapona kiasi kwa mazoezi na subira, lakini hautarudi kama ulivyokuwa, na uzito kama ule wa kuvuta asahau. Aliniambia hayo tukiwa jikoni kwangu, anakatakata bamia, na hakuacha kukata.

Upinde ukakaa kwenye kitanda cha wageni miezi mingi. Mara moja moja niliuona mlango wa chumba hicho uko wazi na yeye amekaa ukingoni mwa kitanda, hafanyi kitu. Ofisini alikuwa yule yule, makontena yaliondoka Huangpu na Nansha kama kawaida, ila habari za upinde zilikoma. Wateja ndio waliokuwa wakimuuliza sasa, naye akajibu kwa ufupi.

Laoban alikuja mwenyewe mpaka ofisini. Safari hii hakuja kununua tu. Alisema atauweka katikati ya ukuta, mahali pa heshima, chini ya taa kubwa kuliko zote, na pembeni yake picha ya Wakala na maelezo kwamba huyu ndiye aliyeupiga. Na yeye atampa upinde mpya, mwepesi, wa mashoto, wa kiwandani lakini mzuri, aendelee kuja. Nilikuwepo. Nilidhani ni jambo jema kupita kiasi, na nilimwambia hivyo Laoban alipoondoka. Karani wake akasema hivyo. Yule bwana wa Lubumbashi akasema hivyo kwa simu. Sote tulitaka upinde upumzike kwa heshima, na yeye apumzike nao.

Alitusikiliza mpaka tukamaliza, kama alivyotusikiliza siku ya lile kontena. Kisha akasema kitu kikining'inizwa ukutani watu hukisifu, halafu hupita.

Wiki ile ile aliniomba nimsindikize Panyu. Huko pembeni ya mji kulikuwa na karakana ya fundi anayetengeneza pinde za kienyeji za Kichina, za mwanzi na pembe, mtu wa makamo mwenye miwani iliyojaa vumbi. Wakala aliuweka upinde mezani akamwambia anachotaka: aupunguze nguvu. Achonge mabawa, aondoe faiba na mbao kidogo kidogo, mpaka uvutike na bega lake.

Fundi aliuinua, akausoma mwandiko, akauweka chini. Akasema haiwezekani. Wakala akamuuliza haiwezekani au hataki. Fundi akasema anaweza, lakini hataki. Akaeleza bila haraka: gundi ni ya zamani, ukianza kukwangua tabaka zinaweza kuachana, na upinde ukiachana ukiwa umevutwa unapasuka usoni mwa mtu. Kinachoondolewa hakirudi. Na hata ukisalimika, hakuna mkusanyaji atakayeutaka tena, utakuwa kama umeharibiwa makusudi.

"Ukivunjika," Wakala akasema, "uvunjike mkononi mwangu."

Fundi akatikisa kichwa. Akaanza kuurudisha kwenye mfuko wake, kwa adabu, kama mtu anayemrudishia mwenzake mtoto aliyemlilia. Hapo Wakala akaweka kidole juu ya lile jina la wino kwenye bawa.

"Huyu alipimwa," akamwambia. "Na mimi nipime."

Mimi ni mtu wa vitambaa. Nimeona magauni ya harusi yakiachiwa mishono ili mama mtu ayavae tena kwenye harusi ya bintiye, na sijawahi kusikia mtu akisema gauni limeharibiwa. Sijui fundi aliona nini. Alikwenda kuchukua utepe wa kupimia, akampima mkono wa kushoto kutoka bega hadi ncha za vidole, akamwambia avute hewani bila upinde, akaushika msuli wa bega kwa idhini yake na kusikiliza unapokwamia.

Kazi ilichukua siku nzima. Fundi alikwangua bawa la juu, kisha la chini, wembamba wa karatasi, akalipiga msasa, akautia upinde ugwe, akautundika kwenye mzani na kuuvuta kwa kamba huku akitazama mikunjo yote miwili kama inalingana. Akautoa ugwe, akaanza tena. Vumbi la faiba linawasha, sote tulifunika pua na bado tukajikuna. Wakala hakutoka. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na meza, na kila kamba ilipovutwa na upinde ukatoa mlio mdogo wa mbao, nilimwona anabana midomo. Mara moja mlio ulikuwa mkubwa. Fundi akasimama, akalikagua bawa kwa kucha yake kutoka juu mpaka chini. Halikuwa limefunguka. Fundi akaendelea.

Jioni mzani ulisoma ratili thelathini na mbili. Fundi akatuambia sote tusimame nyuma ya mlango, yeye ataujaribu kwanza. Wakala akakataa. Akauchukua, akasimama mbele ya gunia la mchanga, akasema bismillahi, akavuta. Ugwe ulifika pembeni ya mdomo. Aliushikilia. Nilikuwa nimemshika fundi mkono bila kujua. Alipoachia, mshale uliingia kwenye gunia kwa sauti laini kuliko ile niliyoizoea, na upinde ulikuwa mzima.

Hakulia, wala hakucheka. Aliutazama tu upinde, kisha akauuliza kwa Kiswahili kama umeumia.

Fundi akapitisha mstari mwembamba wa wino juu ya ule uzito wa zamani, akaandika mpya chini yake. Jina la yule wa kwanza akaliacha. Akamuuliza Wakala kama anataka lake liandikwe hapo, na kwa herufi gani. Wakala akachukua kalamu akaandika mwenyewe, jina lake na la baba yake, na aliandika kwa mkono wa kushoto. Sidhani alikusudia. Herufi zilikuwa kubwa na za kitoto, lakini zilisomeka, na hicho ni kitu nisichoweza kusema juu ya barua yoyote aliyowahi kuandika ofisini.

Laoban alipouona hakupiga kelele. Aliugeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye kingo zilizochongwa, akausoma ule mstari wa wino, akamrudishia. Alimwambia maneno machache, kwamba ameua kitu ambacho hakikuwa chake peke yake. Kisha akarudi kwenye kaunta. Kutoka siku hiyo hakukuwa na chai. Wakala aliendelea kwenda, alilipa kama wanachama wengine, akasali kwenye pembe yake, akapiga mishale yake, na hao wawili hawakuzungumza. Ilimuuma, najua, kwa sababu akirudi hakuwa akinieleza kitu. Lakini hakuwahi hata mara moja kusema anajuta, na nilipomuuliza aliniangalia kama nimeuliza swali la mtu mwingine.

Muda si mrefu nikarudi nyumbani moja kwa moja. Nilifungua duka la mapazia Kariakoo, nikawa naagiza kwa simu, na mizigo yangu ikaendelea kupitia kwake. Tulisalimiana siku za Idi. Watu waliotoka huko walileta habari zake: kwamba ofisi sasa inaendeshwa na vijana, kwamba goti nalo limemsumbua, kwamba wanawe wanamtaka arudi Unguja na yeye anawaambia bado.

Mwaka jana nilikwenda tena, kwa kuwa picha za simu zinadanganya rangi na nilikuwa nimeshauziwa kijani nikapokea bluu. Nilipompigia kumwambia nimefika hakuniuliza nimefikia wapi. Aliniambia nije ukumbini saa kumi.

Ghorofa ya tano haikubadilika. Wakala alikuwa amepungua mwili, mabega yamebaki, na anatembea kwa kuuegemea mguu mmoja. Alinikumbatia, akanishika uso kwa mikono miwili, akaniuliza mama yangu hajambo, kisha akanionyesha benchi nikae. Laoban alikuwa kwenye kaunta, nywele zimekuwa nyeupe. Alinitambua, akaniinamishia kichwa. Hakumwangalia Wakala.

Wakala alitoa upinde kwenye mfuko. Akaikanyaga kamba yake ya kuutilia ugwe, akaunyanyua taratibu mpaka mabawa yakakubali. Mti mwekundu ulikuwa unang'aa kuliko nilivyoukumbuka. Akasimama kwenye mstari ule ule wa zamani, hakusogea karibu kama nilivyotarajia, akaipa shabaha ubavu.

Mshale wa kwanza ulipiga chini. Alitikisa kichwa kidogo, akalegeza bega, akaweka wa pili. Huo ulikwenda katikati. Wa tatu ukaenda kando yake, wa nne juu yake kidogo, na hakuwa na haraka, kati ya mshale na mshale alikuwa akishusha mkono na kuvuta pumzi kama mtu anayepanda ngazi. Kijana mmoja mwenye upinde wa vyuma kwenye njia ya jirani aliacha kupiga akawa anatazama. Alipomaliza mishale sita, mitano ilikuwa imejikusanya mahali ambapo ungeweza kuifunika kwa kiganja.

Nilikuwa nimenyanyuka nikaichomoe, kwa ajili ya goti lake. Laoban akaniwahi. Alitoka nyuma ya kaunta, akatembea njia yote mpaka kwenye shabaha, akaichomoa mishale mmoja mmoja kwa kuizungusha ili isipinde, akafuta kila ncha kwa mkono wa shati lake. Akarudi, akasimama mbele ya Wakala, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba amekuwa akiusikiliza upinde kwa muda mrefu. Kwamba mabawa yanarudi kwa pamoja, la juu na la chini, sauti moja. Kwamba fundi alifanya kazi nzuri.

Wakala aliipokea mishale. "Alinipima," akamwambia.

Laoban akabaki amesimama pale pale nyuma ya mstari, mikono nyuma, hakurudi kwenye kaunta. Wakala akageuka akanitafuta kwenye benchi.

"Umeona?"

Nikamwambia nimeona, Mama. Akaweka mshale mwingine.